Hadithi za Zen na maelezo ya walimu: "kuona mwenyewe" kunafanyikaje hasa?

Msomaji Makini (mtoa mada)

Wakuu, habari za humu. Nasoma mkusanyiko wa hadithi fupi za Zen (mkondo wa Ubuddha wa China na Japani), na chini ya kila hadithi kuna maelezo ya mwalimu. Kila mara mwalimu anarudia kwamba maneno hayatoshi, mtu lazima aone mwenyewe moja kwa moja. Akishasema hivyo anaeleza kurasa sita. Naomba kuuliza:

1. Kama maneno hayafai, maelezo ni ya kazi gani?
2. Huko "kuona mwenyewe" kivitendo ni nini? Mtu anakaa vipi, anafanya nini, muda gani, na anajuaje kwamba hajajidanganya?
3. Kuna ile ya mbwa. Mtawa anamuuliza Zhaozhou, mwalimu wa Zen wa China, kama mbwa ana asili ya Buddha (uwezo wa kuamka kama Buddha), anajibiwa "Mu", yaani hana. Basi imeisha. Hadithi hii inatufundisha nini?

Nawaomba wanaoijua mada. Majibu ya "funga macho usikilize moyo wako" ninayo ya kutosha.

---

Kijiti cha Udi

Naanza na la tatu kwa sababu limebeba hayo mengine. Shuleni tulizoeshwa kila hadithi iishie na "hadithi hii inatufundisha nini?". Ukiingia kwenye koani (kisa anachopewa mwanafunzi wa Zen akifanyie kazi) na swali hilo utatoka na msemo wa kubandika ukutani. Wengine huifananisha koani na kitendawili, nako ni kupotea. Kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji, mtegaji anakupa jibu, mnaendelea. Kwenye koani hata utoe miji kumi, jibu utakalopewa litabaki la aliyekupa.

Sasa huyo mbwa. Mtawa aliyeuliza alijua vizuri mafundisho ya madhehebu yake: viumbe vyote vina asili ya Buddha. Hakuwa na shida na mbwa. Zhaozhou (778–897) akamjibu Mu, jibu ambalo kwa mafundisho hayo ni kosa. Halafu katika mkusanyiko mwingine wa visa mtawa wa pili anauliza swali lilelile na Zhaozhou yuleyule anajibu kwamba anayo. Anayesema funzo ni "hana" amekwama, na anayesema funzo ni "anayo" amekwama vilevile. Njia zote mbili zimezibwa makusudi.

Maelezo yanayotumika sana juu ya kisa hiki ni ya Wumen Huikai (1183–1260) wa China. Mwaka 1228 aliwafundisha watawa kwa visa vya walimu waliotangulia, na vikakusanywa 48. Ndio mkusanyiko ambao Wajapani wanauita Mumonkan. Kila kisa kina sehemu tatu: kisa chenyewe (mara nyingi mistari michache), maelezo ya Wumen, na shairi la mistari minne. Wumen mwenyewe aling'ang'ana na hiyo Mu miaka sita chini ya mwalimu wake Yuelin, mpaka siku moja ngoma ya chakula cha mchana ilipopigwa ikamfungukia. Ndiyo maana akifika kisa cha kwanza hapotezi muda kueleza maana. Anatoa maagizo ya kazi: tumia mifupa yako 360 na vinyweleo vyako 84,000, uwe shaka tupu mwili mzima, ishike Mu mchana na usiku, usiichukue kuwa "utupu", wala kuwa "hana" iliyo kinyume cha "anayo". Utakuwa, anasema, kama mtu aliyemeza tufe la chuma cha moto, anataka kulitapika na halitoki. Likishaiva, anajua peke yake, kama bubu aliyeota ndoto.

Hapo swali la 1 limejibika. Kazi ya maelezo ya namna hii ni kukunyang'anya kila tafsiri uliyotaka kuiegemea. Angalia kisa cha 6, Buddha anainua ua, hasemi neno, mwanafunzi mmoja tu anatabasamu. Msomaji anategemea sifa. Wumen anamshambulia Buddha: ametundika kichwa cha kondoo dukani na anauza nyama ya mbwa! Kisha anauliza, je, kama wote wangetabasamu, au kama hata mmoja asingetabasamu, ingekuwaje? Ukishaanza kusema "ua ni ishara ya...", tayari umeshanunua ile nyama.

Kisa cha 7 ndicho kinachoharibiwa zaidi siku hizi. Mtawa mgeni anaomba mafundisho. "Umekula uji?" "Nimekula." "Basi kaoshe bakuli lako." Wanaofundisha utulivu maofisini wanasema funzo ni kufanya kazi ndogo kwa umakini. Wumen anasema Zhaozhou alifungua kinywa akaonyesha nyongo, moyo na ini. Kisha anatilia shaka kama yule mtawa alisikia kweli, au alisikia kengele akaiita mtungi. Hakuna neno hata moja kuhusu umakini wa kuosha vyombo.

---

Ukutu

Kijiti kasema vizuri. Nitenganishe kitu kimoja ambacho mtoa mada amekichanganya, na si kosa lake, vitabu vyenyewe vinachanganya.

Hadithi zote za Zen si koani. Ule mkusanyiko maarufu wa hadithi 101 uliandaliwa na Nyogen Senzaki (1876–1958), mtawa wa Japani aliyefika Marekani 1905, pamoja na Paul Reps, ukatoka 1939. Humo yumo Nan-in anayemmiminia profesa chai hadi inafurika, na Tanzan anayembeba msichana kumvusha kwenye matope huku mwenzake Ekido akibaki na kinyongo njia nzima. Nyingine humo zimetoka kwa Muju, mtawa wa karne ya 13 aliyewaandikia watu wa kawaida. Hadithi za namna hii zina funzo na liko wazi. Ziulize tu zinafundisha nini, hakuna atakayekukaripia. Koani ni visa vichache vilivyochaguliwa kwa sababu vinamkwamisha mtu, na vinafanyiwa kazi na mwalimu uso kwa uso.

Na maelezo nayo hayafanani. Kwenye mahekalu ya Rinzai (madhehebu ya Zen yanayotumia koani) kuna mazungumzo yanayoitwa teisho. Kwa desturi mwalimu anakaa akiielekea madhabahu, anasoma kisa na maneno ya Wumen, kisha anakionyesha kisa kwa maneno yake, sauti yake, wakati mwingine kwa kupiga meza. Waliokaa kwa kawaida hawaandiki wala hawaulizi. Hiyo ni aina ya kwanza. Ya pili ni maelezo ya wasomi: nani alikuwa nani, neno fulani China ya enzi ya Tang lilitumikaje. Yanasaidia sana kuondoa ujinga, basi. Ya tatu ni hotuba za walimu wa kiroho wa zama zetu. Osho (1931–1990), kwa mfano, alizungumza miaka mingi juu ya hadithi za Zen huko Pune, India. Msimuliaji hodari, ila hakuwa ndani ya mnyororo wa walimu wa Zen, na aliongea na umati wenye watu wa kila aina. Hotuba kama hizo zinatia hamu ya kuanza. Kumpimia mtu koani haziwezi, na kurasa sita baada ya "maneno hayatoshi" kwa kawaida hutoka huko.

Shaka ya mtoa mada kuhusu wingi wa maneno ni ya zamani sana, tena imo ndani ya Zen yenyewe. Deshan (782–865) alikuwa bingwa wa kufafanua Sutra ya Almasi, andiko la Kibuddha, mpaka akaitwa kwa jina hilo. Usiku mmoja mwalimu Longtan alimpa mshumaa wa kumulikia njia, Deshan alipoupokea tu, Longtan akaupuliza ukazimika. Kesho yake Deshan alichoma maandishi yake mbele ya ukumbi (kisa cha 28 cha Mumonkan). Na Dahui (1089–1163) anasimuliwa kuwa aliteketeza mbao za kuchapia mkusanyiko wa visa 100 wenye maelezo ya Yuanwu, mwalimu wake mwenyewe, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanakariri maelezo na kuyatapika kwenye mahojiano na mwalimu. Mkusanyiko huo ulichapishwa tena baadaye, tunao mpaka leo.

Namna ya kusoma ambayo haiharibu: funika maelezo kwa karatasi, soma kisa peke yake. Kisha kisimulie kwa sauti bila kuangalia kitabu, na usiingize "yaani", "maana yake" wala "alitaka kuonyesha kwamba". Utaona ni kazi. Mahali ulimi unapotaka kuingiza "yaani" ndipo kisa kinapokubana, paweke alama. Ndipo usome maelezo, mara moja tu, ufunge kitabu. Kisa kimoja kinatosha mwezi mzima. Ukisoma visa kumi usiku mmoja akili inashika mtindo wa majibu ya kushangaza na inaanza kuyatengeneza. Zhaozhou aliulizwa kwa nini Bodhidharma, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeleta Zen China, alikuja kutoka magharibi, akajibu "mti ulioko uani" (kisa cha 37). Leo mtandaoni kuna watu ukiwauliza lolote wanakujibu mti ulioko uani.

---

Binti Lindi

Niandike kuhusu kukaa, maana hamjagusa swali la 2 na humo ndimo watu wanajiumiza. Kukaa kwenyewe kunaitwa zazeni.

Mto uwe wa mviringo, kipenyo kama sm 33, kimo sm 15 hadi 20 kutegemea ugumu wa nyonga zako. Kijadi unajazwa sufi, hiihii ya msufi tunayojazia mito, kwa hiyo fundi wa magodoro anaweza kukushonea. Mwambie aishindilie. Mto wa kulalia unabonyea, nyonga zinashuka chini ya usawa wa magoti, na mgongo unapinda wenyewe hata ukijikaza vipi. Sponji inanesanesa, haifai. Chini tandika blanketi lililokunjwa mara nne. Mkeka mtupu utakuchubua vifundo.

Kalia theluthi ya mbele tu. Ukiukalia mto wote, ukingo wake unabana mshipa wa fahamu upande wa nyuma wa paja na mguu unakufa ganzi. Magoti yote mawili lazima yaguse chini, ili uzito ugawanyike sehemu tatu. Goti likielea, ongeza kimo cha mto, au kunja kanga uweke chini ya hilo goti.

Miguu: anza kwa kuweka miguu yote miwili sakafuni, mmoja mbele ya mwingine, bila kupandisha. Lotasi kamili (kila mguu juu ya paja la pili) usiilazimishe. Mzunguko ule unatakiwa utoke kwenye nyonga; nyonga ikigoma, goti ndilo linapindishwa, na gegedu ya goti ikichanika unaweza kuishia kwa daktari wa mifupa. Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kunyoosha mguu ni ya kawaida, ila usiusimamie mguu wenye ganzi, kifundo kitateguka. Maumivu makali ndani ya goti ni amri ya kubadilisha mkao hapohapo. Unaweza kupiga magoti na kuukalia mto uliosimamishwa ubavu katikati ya miguu, au kukaa kitini ukingoni bila kuegemea, nyayo zote chini. Hakuna thawabu ya ziada kwa aliyekunja miguu.

Mikono: wa kulia pajani, kiganja juu, wa kushoto juu yake, ncha za dole gumba ziguse kidogo tu. Hivyo vidole gumba ndivyo kipimo chako. Vikisukumana vikapanda juu, umekaza. Vikiachana na kuanguka, umesinzia na hujui.

Macho nusu wazi, yaangukie sakafuni kama mita moja mbele. Ukiyafumba kabisa utaletewa usingizi na picha. Kidevu ndani kidogo, ulimi nyuma ya meno ya juu, pumzi puani. Kabla ya kutulia, yumba kulia na kushoto mara kadhaa, kila safari kidogo zaidi, mpaka uti wa mgongo upate mahali pake.

Muda: dakika 15 hadi 20 asubuhi na jioni. Ni bora kuliko saa nzima Jumapili. Kwenye kumbi zao kipindi ni dakika 25 hadi 40, kinapimwa kwa kijiti cha udi, kisha wanatembea dakika tano hadi kumi wakiwa kwenye kazi ileile, kisha wanakaa tena. Chandarua kinaruhusiwa jamani, mbu si mtihani wa kiroho.

Unachofanya: hesabu pumzi zinazotoka, moja mpaka kumi, rudi moja. Usiivute pumzi wala usiirefushe. Ijiendeshe, wewe hesabu tu. Yanayoharibika ni matatu. Unajikuta kumi na saba: hesabu inajiendesha huku wewe uko sokoni. Au unapoteza namba kabisa. Au, na hili ni baya zaidi, unahesabu bila kukosea huku juu yake unapanga mambo ya kesho. Dawa ni moja kwa yote: rudi moja, bila kujisuta, kwa sababu kujisuta ni mazungumzo mengine.

---

Msomaji Makini

Ahsanteni sana, hasa dada Binti Lindi kwa vipimo. Sasa kuhesabu nimeelewa. Mu inaingia wapi? Mtu anairudia kama anavuta tasbihi? Na mbona kuna wanaolalamika kichwa kuuma?

---

Kijiti cha Udi

Mu inakuja baada ya kuhesabu kutulia, na kwa kawaida mwalimu ndiye anayekupa. Kwenye mkondo wa walimu wa Japani Harada na Yasutani (Yasutani Hakuun, 1885–1973, alianzisha jumuiya yake 1954) mgeni anaanzishwa kwa kuhesabu pumzi, halafu wengi wanapewa Mu.

Kivitendo: pumzi ikitoka, "Mu" inatoka nayo kimoyomoyo, ndefu kama pumzi yenyewe, kuanzia tumboni vidole vitatu hivi chini ya kitovu. Pumzi ikiingia, usiseme kitu. Akili ikienda, Mu inayofuata. Si kama tasbihi, maana kurudia tu bila kuuliza kunakutuliza na kukulaza. Ndani ya kila Mu kuna swali: hii ni nini? Swali hilo hulijibu. Unakaa nalo likiwa bichi. Dahui alisisitiza hivi miaka mia moja kabla ya Wumen: kinachofanya kazi ni shaka, neno ni mpini wa kuishikia.

Kichwa kinauma kwa sababu mtu anaifanyia Mu kazi kwa paji la uso. Anakunja ndita, anabana taya, anaisukuma. Dalili ni joto kichwani na mabega yaliyopanda. Legeza taya, shusha Mu tumboni, na ikishindikana rudi kwenye kuhesabu siku kadhaa. Hakuin (1686–1769), yuleyule wa koani ya sauti ya mkono mmoja, alijiharibu hivyo ujanani: moto kichwani, miguu baridi kama barafu, masikio yanavuma. Andiko lake la 1757 linaeleza dawa aliyofundishwa. Kaa au lala, wazia kidonge cha siagi laini yenye harufu nzuri, ukubwa wa yai la bata, kimewekwa utosini; kinayeyuka polepole, kinateremka kichwani, mabegani, kifuani, tumboni, kinashuka mapajani mpaka nyayo. Ni njia ya kurudisha hisia chini. Wanaodharau sehemu hii ya Hakuin na kumkumbuka kwa ukali tu wamemsoma nusu.

Kuhusu kujidanganya. Utaratibu uliopo ni dokusani, mahojiano ya faragha. Kengele inalia, mnapanga foleni, zamu yako ikifika unapiga kengele mara mbili, unaingia, unainama, unataja koani yako, unaonyesha ulichonacho. Kuonyesha, si kueleza. Ukianza "nadhani Mu inawakilisha..." kengele ndogo ya mwalimu inalia na umeshatoka. Mara nyingi ni dakika moja au pungufu, na wakati wa mafungo (siku za kukaa zazeni mfululizo) inaweza kuwa mara kadhaa kwa siku. Akikukubali hakuachi, anakufuatia na maswali madogo ya kukupima kila upande, kwa mfano simamisha sauti ya kengele inayolia mbali. Ndiyo sababu kununua majibu hakusaidii. Mwaka 1916 kilichapishwa Japani kitabu kinachofichua majibu ya mahojiano, tena 1975 kikatoka kwa Kiingereza. Mahojiano yanaendelea kama kawaida. Mwenye jibu la kukariri anaanguka kwenye swali la pili.

Na hata akiona, hicho ni kidirisha tu. Kwenye mkondo wa Hakuin baada ya hapo kuna mamia ya koani, na kwa nyingi kati yake mtu anatafuta mstari wa shairi wa kuifungia. Miaka mingi.

---

Mlango Wazi

Wakuu mnaongea kama vile Zen ni Rinzai peke yake. Soto, madhehebu mengine ya Zen, hawafanyi hayo yote. Dogen (1200–1253) alirudi kutoka China 1227 akaandika maelekezo ya zazeni kwa kila mtu: kaa tu. Hakuna kitu cha kupata, hakuna Mu, hakuna kidirisha. Kukaa ndiyo kuamka kwenyewe. Koani ni mzigo.

---

Ukutu

Nusu kweli, mkuu. Ni kweli Soto kwa kawaida hawamwekei mtu koani moja moja za kupimwa. Ila huyohuyo Dogen alijikusanyia visa 300, na maandishi yake yamejaa maelezo juu ya koani, mengine magumu kuliko ya Wumen. Alichokataa ni kuzifanya chambo cha kuvulia tukio fulani.

Na "kaa tu" ni ngumu kufundisha kwa maandishi kwa sababu kosa lake halina dalili. Anayehesabu akipotea anajikuta kumi na saba. Anayekaa tu akipotea anaota mchana dakika 30 akiwa wima, anainuka ameridhika. Kwa anayeanza peke yake ningemwelekeza kwenye kuhesabu, hata kama atakuja kuwa Soto kindakindaki.

---

Abuu T.

Swali la pembeni. Mtu ni Mwislamu au Mkristo, hana nia ya kubadili dini. Anaweza kufanya haya?

---

Binti Lindi

Wapo wengi, na upande wa Wakatoliki historia iko wazi. Padri Hugo Enomiya-Lassalle (1898–1990), Mjesuiti Mjerumani, alikuwa Hiroshima bomu lilipoanguka 6 Agosti 1945 akajeruhiwa. Baadaye alikaa zazeni chini ya Harada kisha Yamada Koun (1907–1989) wa Kamakura, na akabaki padri mpaka kufa. Yamada alifundisha mapadri na masista wengi bila kuwataka wabadili dini.

Nyumbani, kukaa na kuhesabu pumzi hakuna dua wala sanamu ndani yake. Kwenye vituo ni tofauti: kuna kuinamia madhabahu na kuimba Sutra ya Moyo. Waulize kabla hujaenda kama unaruhusiwa kukaa kimya wakati wa kuimba na kutoinama. Vingine vinakubali, vingine havikubali. Hukumu ya dini yako muulize sheikh au padri wako, si sisi wa humu.

---

Msomaji Makini

La mwisho kwangu. Mtu akiona mwanga, au mwili ukapotea, au akalia bila sababu. Ndiyo yenyewe?

---

Kijiti cha Udi

Hapana. Hayo yanaitwa makyo na yanatokea sana kwa anayekaa kwa bidii: ukuta unacheza, harufu zisizokuwapo, mikono inahisi mikubwa kama mitungi, furaha ya ghafla, Buddha mwenyewe anatokea na kukusifu. Mwalimu ukimweleza atakwambia "endelea" na kengele italia. Ubaya wake ni kwamba mtu anaanza kukaa ili yarudi.

Ila kuna mpaka. Kukosa usingizi siku kadhaa mfululizo, kusikia sauti zinazokuamuru hata ukiwa umeshainuka, hofu isiyoisha, kujiona umeteuliwa: hapo acha kukaa, kula, lala, fanya kazi ya mikono, na nenda hospitali. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili au ya kuumizwa vibaya asiingie mafungo marefu bila kumwambia mwalimu na daktari wake. Mafungo ya siku saba yenye usingizi mdogo yanaweza kuamsha kilicholala.

---

Ukutu

Niongezee kwa wasio na mwalimu karibu. Kuhesabu pumzi hakuhitaji ruhusa ya mtu, anza leo. Koani iache kwenye kitabu, isome kwa ile njia ya karatasi, usijipe cheti. Siku hizi wapo walimu wanaofanya dokusani kwa video, na inafanya kazi kiasi.

Kabla ya kumkubali yeyote, muulize bila kuona haya: nani alikuruhusu kufundisha, na yeye aliruhusiwa na nani? Mwalimu wa kweli anajibu kwa sentensi mbili na majina yanayoweza kuhakikiwa. Uliza kuna nani mwingine anayeweza kupokea malalamiko dhidi yake. Angalia ada: malipo ya mafungo kwa kawaida ni chakula, malazi na sadaka kidogo, anayetoza pesa ili athibitishe kwamba umeona, ondoka. Na mafungo ya kwanza yasiwe yale ya Rohatsu, Desemba 1 hadi 8, hata kama nafasi ipo. Kwenye hayo watu wanakaa mpaka usiku wa manane, wengine wanakesha usiku wa mwisho, na mgeni anaishia kupigana na usingizi na magoti tu. Chukua ya siku mbili au tatu kwanza, na nenda na mto wako mwenyewe uliouzoea.